Kuzitunza Figo Zilizosalia



Walimu wenzangu wamenitaka mara nyingi niandike habari za ugonjwa wa figo, kwa kuwa wajua ya kwamba umeingia nyumbani mwetu na kutushika watu wawili wa tumbo moja, kaka yangu na mimi. Na majirani huniuliza njiani kwa nini sionji mchuzi wa arusini, wala sinywi madafu, wala sikubali kidonge cha maumivu nikipewa kwa wema. Siwezi kumjibu kila mtu amesimama jua kali na jembe begani. Basi leo nitawajibu wote pamoja, na yeye asomaye amsomee asiyejua kusoma.

Kwanza tujue kazi ya figo. Watu karibu wote huzaliwa na figo mbili, nazo zakaa mgongoni chini ya mbavu, moja upande huu wa uti wa mgongo na moja upande huu. Ukubwa wa kila moja ni kama ngumi ya mtu mzima, na umbo lake kama punje ya haragwe. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vipatavyo milioni moja. Kila mama ajua kifumbu: hutia nazi iliyokunwa, akakamua, tui likapita na machicha yakabaki. Figo nazo huichuja damu mfano wa hivyo. Katika mchana mmoja na usiku wake huchuja maji kadiri ya lita 180, ndiyo madebe tisa. Kisha karibu yote huyarudisha damuni, na lita moja au mbili zilizobaki, pamoja na taka za mwili, hutoka kuwa mkojo.

Tena zina kazi nyingine ambazo wengi hawazijui. Hupima chumvi ya mwili isizidi wala isipungue. Husaidia kutawala presha ya damu. Huipelekea mifupa amri ya kutengeneza damu mpya, na huitengeneza vitamini D ipate kuwatia mifupa nguvu. Kwa hiyo figo zikiharibika, haliharibiki jambo moja: damu hupungua, mifupa hulegea, presha hupanda, na moyo huchoka kabla ya siku zake.

Sasa sikieni jambo ambalo kwa ajili yake nimeshika kalamu. Jino likioza huuma, na jicho likiugua hutoa machozi. Lakini figo haipigi kelele. Vichujio vikifa, vile vilivyosalia huchukua mzigo wa vilivyokufa, kama vibarua wa shamba ambao wenzao wameugua: hulima wao sehemu yao na ya wenzao, na mwenye shamba akipita jioni huona kazi imekwisha kama jana, asijue kitu. Hata siku moja nao huanguka, na hapo ndipo mwenye shamba huona magugu. Na vichujio vilivyokufa havioti tena. Madaktari huihesabu kazi ya figo, nasi twaweza kuifikiri kama sehemu katika mia. Ikikaa chini ya 60 kwa muda wa miezi 3 au zaidi, huo ni ugonjwa wa kudumu. Na ikishuka chini ya 15, husema figo zimeshindwa. Katikati ya 60 na 15 mtu aweza kupita miaka mingi, akalima, akacheza ngoma, akaoza binti zake, asijue lolote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa kaka yangu. Yeye ni seremala, mtu mwenye mikono ya chuma, ambaye hakupata kulala kitandani mchana tangu utoto wake. Mwaka 2018, alipokuwa na umri wa miaka 47, alianza kuchoka. Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba, na jioni ukimbonyeza mguu, alama ya kidole ilibaki kama kwenye unga uliokandwa. Usiku aliamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, na mkojo wake ulikuwa na povu lisilokwisha upesi. Kisha ngozi ikamwasha mwili mzima, chakula kikawa na ladha ya chuma kinywani, na kupanda ngazi ya kazi yake kukamwondolea pumzi. Watu walisema mengi. Wengine walisema malaria, wengine uzee, na wengine walimtaja jirani ambaye hawapatani juu ya mpaka. Alipofikishwa hospitali, presha yake ilikuwa 210 kwa 130, na figo zake zilikuwa zimebakiwa na sehemu 8 katika mia.

Daktari alitueleza ya kuwa presha ile haikuanza mwaka ule. Ilikaa naye miaka mingi kimya, ikaichakaza mishipa myembamba ya figo. Na figo zilipoharibika, nazo zikaipandisha presha zaidi. Hawa wawili hushikana mikono kama wezi, mmoja akimfungulia mwenziwe mlango.

Presha na kisukari ndivyo viuavyo figo za watu wengi ulimwenguni, lakini haviko peke yake. Kichocho cha mkojo kisipotibiwa chaweza kuziba njia za mkojo, nao ukarudi juu na kuziharibu figo. Mawe ya figo hufanya vivyo hivyo, na tezi dume kwa wazee. Virusi vya UKIMWI huweza kuziharibu, na magonjwa mengine hurithiwa toka kwa wazazi. Tena ziko dawa. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vinavyouzwa dukani kama peremende, vikimezwa siku nyingi huziumiza figo, na zaidi zile zilizokwisha kuugua.

Na juu ya mitishamba sitaki kuwatukana wazee wetu, maana dawa nyingi za hospitali asili yake ni miti. Lakini mti kuwa mti si dalili ya kuwa hauna sumu. Nchini Ubelgiji, mwaka 1993, madaktari walitoa habari za wanawake walioharibikiwa na figo upesi baada ya kutumia dawa ya kupunguza unene iliyokuwa na majani ya asili ya China. Sumu ilitoka katika jamii ya mimea iitwayo aristolokia. Na sisi wa pwani tunaopenda birimbi tujue ya kuwa maji yake yaliyokamuliwa mazito, yakinywewa kwa wingi kama dawa, yameonekana India kuzifunga figo. Kuitia birimbi mbili tatu mchuzini ni jambo jingine. Nasema habari za kunywa glasi nzima.

Kaka yangu aliwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Mashine hii ina historia yake. Wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1943, daktari wa Uholanzi jina lake Willem Kolff alitengeneza ya kwanza katika mji wa Kampen, kwa vitu alivyoweza kupata katika nchi iliyotekwa: pipa la mbao lenye kuzunguka, na utando mwembamba wa kufungia soseji. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa, naye hakuacha. Mwaka 1945 mwanamke mmoja wa miaka 67 alipona kwa mashine ile. Leo mashine ni nzuri zaidi, lakini kazi yake ni ile ile: damu hutoka mwilini kwa mpira, hupita penye utando, huacha taka na maji ya ziada, kisha hurudi.

Yatakiwa mara 3 kila juma, saa 4 kila mara. Fikirini maana yake kwa mtu wa kijijini. Siku tatu kila juma kaka yangu aliondoka na basi la alfajiri, akarudi jioni hawezi kusema neno kwa uchovu. Alipasuliwa mkono wa kushoto na kuunganishwa mshipa kwa mshipa, upate kupitisha damu nyingi; tangu hapo mkono ule haupimwi presha wala hautolewi damu, na kupiga randa kukawa kwa shida. Maji ya kunywa aliyapima kwa kikombe, maana asichokojoa hubaki mwilini na kujaa mapafuni. Tuliuza ng'ombe wawili, kisha mbao zake zote, kisha tukaweka rehani shamba la michungwa aliloacha baba. Mashine haikumponya, ilimpa siku, na kila siku ilikuwa na bei yake.

Ndipo daktari alipotaja habari za kupandikiza figo ya ndugu. Hapa kwetu Tanzania kazi hiyo ilianza kufanyika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, na katika Hospitali ya Benjamin Mkapa huko Dodoma mwaka 2018; kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa ng'ambo. Mimi nilikuwa wa kwanza kujitoa. Nilikuwa na miaka 41, sijui kuugua, nikaona ya kuwa neno limekwisha.

Walinipima damu, mkojo na presha. Siku ya majibu daktari alifunga mlango, akaniambia, "Mwalimu, figo zako haziwezi kutolewa. Wewe nawe ni mgonjwa." Presha yangu ilikuwa 160 kwa 100. Mkojo ulikuwa na protini, na figo zangu zilibakiwa na sehemu 44. Aliniita tena baada ya miezi 3 apate hakika, na hesabu haikubadilika. Nilikwenda kutoa, nikarudi nimeambiwa sina cha kutoa; na tangu siku ile mpaka leo sijasikia maumivu yoyote.

Basi akabaki mdogo wetu wa kike. Alipimwa, akaonekana mzima, na damu yake ikapatana na ya kaka. Ukoo ukakutana nyumbani kwa mama. Shemeji yetu alisimama akasema kwa adabu, "Mama, binti yako nilimwoa akiwa mzima. Akirudi nusu, wanangu wanne watalelewa na nani?" Lilikuwa swali la haki, na hakuna aliyemkemea. Mdogo wetu akamjibu, "Baba watoto, sirudi nusu. Mimi ninazo mbili, na kaka anakufa kwa kukosa moja."

Mimi nikawasimulia niliyosoma. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, Dr Joseph Murray na wenziwe walitoa figo ya kijana mmoja wakampa pacha wake aliyekuwa akifa. Aliyepewa aliishi miaka 8 zaidi, akaoa, akapata watoto. Na aliyetoa? Yeye aliishi na figo moja miaka 56, akafariki mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 79. Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Hata hivyo daktari hakuficha ya kuwa kila upasuaji una hatari yake, na ya kuwa mtoaji yampasa kupimwa presha na mkojo kila mwaka maisha yake yote. Tena alimwita mdogo wetu faraghani, bila mume wala ndugu, akamwuliza kama yuko aliyemlazimisha. Shemeji alikaa siku tisa akifikiri, kisha akaja mwenyewe kwa mama akasema, "Na aende, nami nitakwenda naye."

Ikafanyika mwaka 2019. Kaka amerudi kwenye karakana yake. Humeza vidonge asubuhi na jioni kwa saa ile ile, asiruke hata siku moja, kwa kuwa mwili haukuacha kuijua figo ile kuwa ngeni. Dawa zikikatika, mwili utaikataa. Mdogo wetu analima, na watoto wake wanne wana mama.

Lakini msomaji mwenye akili amekwisha kuona neno lililobaki. Mdogo wetu alikuwa na figo moja ya kutoa, naye amekwisha kuitoa. Ndugu mwingine hatuna, na shamba la michungwa bado lina rehani. Sina wivu, ingekuwa mimi ndiye wa kupanga, ningepanga vile vile. Ila najua ya kuwa figo nilizo nazo ndizo hizo, na kazi yangu ni kuzitunza zilizosalia. Haya ndiyo nifanyayo.

Kwanza, presha. Nina mashine ndogo ya kupimia, nami huandika hesabu katika daftari kama mahudhurio ya shule. Daktari ataka iwe chini ya 130 kwa 80. Kidonge nimezacho chaitwa losatani. Hushusha presha, na pia huvipunguzia vichujio nguvu ya damu inayovisukuma. Tena nimeongezewa dapagliflozini, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kisukari. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha ya kuwa hupunguza mwendo wa ugonjwa wa figo hata kwa mtu asiye na kisukari. Nikishikwa na kuhara au kutapika, humwuliza daktari upesi ni vidonge gani nisimamishe, maana mwili ulioishiwa maji huzidhuru figo.

Pili, chumvi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, ndiyo kijiko kidogo cha chai, pamoja na chumvi iliyomo katika mkate na dagaa na samaki ng'onda. Magadi ya kulainishia kisamvu na maharage nayo yana kitu kile kile kilicho katika chumvi. Mke wangu hupika kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Mwaka wa kwanza mama mkwe alikuja kututembelea, akaonja mchuzi, akanyamaza, kisha akamwuliza bintiye kama siku hizi hatuna fedha ya chumvi. Ulimi hujifunza. Leo mchuzi wa arusini naona ni kama maji ya bahari.

Tatu, ndizi, madafu, parachichi na maharage. Hivi ni vyakula vyema, na mtu mzima asiviogope. Lakini vina potasiamu nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa. Ikizidi yaweza kuusimamisha moyo ghafula. Mimi damu yangu ilionyesha imepanda, ndiyo maana nakataa madafu, na viazi vyangu hukatwa vipande, huchemshwa katika maji mengi, na maji yale humwagwa. Asiyepimwa damu asiniige.

Nne, vipimo. Kila miezi 4 hupimwa damu na mkojo. Kipimo changu cha mwisho kilikuwa 37. Nimeshuka sehemu saba tangu mwaka 2018. Mtu aweza kusema, "Basi dawa hazifai kitu, maana bado washuka." Nilimwambia daktari neno hilo, naye akanijibu, "Mlima wote washuka. Wengine hushuka kwa kuanguka, na wengine hushuka kwa miguu. Wewe washuka kwa miguu." Maneno hayo yamenitosha. Naona uchovu kidogo mchana, kwa kuwa damu yangu imepungua, na usiku miguu hunikaza. Lakini nafundisha, na mwanangu wa mwisho yuko darasa la tatu. Nikienda kwa miguu hivi, yamkini nitamwona akimaliza shule zake zote.

Sasa nanyi. Zamani, mwaka 1827, katika Hospitali ya Guy's huko London, Dr Richard Bright aliandika habari za wagonjwa waliovimba mwili. Mkojo wao ulipopashwa moto katika kijiko juu ya mshumaa, uliganda mithili ya ute wa yai. Nao walipokufa, figo zao zilionekana zimeharibika. Kijiko na mshumaa vilitosha kuijua siri ya figo. Leo kiko kijikaratasi kichovywacho katika mkojo, kikabadili rangi kama mna protini, tena ni cha bei nafuu. Kipimo cha presha nacho ni kufungwa kitambaa mkononi tu.

Basi kila mtu mzima apimwe presha walau mara moja kwa mwaka, ajapokuwa haumwi kitu. Mwenye presha, au kisukari, au virusi vya UKIMWI, au aliye na ndugu mgonjwa wa figo, apimwe na mkojo na damu. Mwanamke aliyepata presha katika uja uzito asisahau kupimwa baada ya kujifungua. Aliyepewa vidonge vya presha asiviache kwa sababu ajiona mzima. Vidonge ndivyo vinavyomfanya ajione hivyo. Na mkiona povu katika mkojo, au uvimbe wa macho asubuhi, msingoje mavuno yaishe.

Na mtu asiseme, "Sina ugonjwa, kwa nini nipimwe?" Nami nilikuwa sina ugonjwa, mpaka siku nilipokwenda kumpa kaka yangu figo.

Wasalaam,
Mwalimu wa shule, Muheza